Waimbaji wa Dunia na Silsila Zao

Mwezi wa Juni mwaka 1987, katika baa moja ya mtaa wa Islington mjini London iliyoitwa The Empress of Russia, walikutana wenye kampuni ndogo ndogo za santuri, watu walioupenda muziki wa nchi za mbali kwa moyo wote, na kila mmoja wao alikuja na shida ile ile: santuri zake, zilizotoka Mali au Bulgaria, Pakistan au Zaire, hazikuwa na mahali pa kukaa madukani, na mwenye duka asiyejua aziweke kando ya nini aghalabu alikataa kuzichukua kabisa. Wakapima majina kadhaa, na mwishowe wakaafikiana kwamba juu ya rafu moja mpya yaandikwe maneno "muziki wa dunia", jina ambalo wanachuoni wa Marekani walikuwa wamekwisha kulitumia darasani tangu miaka ya 1960. Wakachanga fedha za kulitangaza, wakarudi makwao, na mashauri hayo ya wachuuzi wachache yakaamua kwa muda mrefu jinsi wasikilizaji wa Ulaya na Marekani, na baadaye sisi wenyewe, tutakavyokutana na sauti za mataifa tusiyoyajua.

Kwa insafu, rafu ile ilitenda mema mengi, nami ni katika walionufaika nayo. Hata kabla yake, mwaka 1982, mwimbaji wa Kiingereza Peter Gabriel na wenzake walikuwa wamefanya tamasha la kwanza la WOMAD katika mji wa Shepton Mallet, wakawaleta wapiga ngoma wa Burundi mbele ya vijana wa Kiingereza, na ingawa tamasha hilo liliwatia katika deni kubwa hawakuvunjika moyo. Kwa njia hiyo Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo ambaye Dar es Salaam ilimfanya wake hata mahali pamoja pa Sinza pakaitwa kwa jina lake, alisafiri mwaka 1988 pamoja na Super Matimila kwenda kuwaimbia Wazungu habari za maskini na habari za kifo, kwa Kiswahili kile kile alichozoea kuwaimbia watu wake. Katika miaka hiyo hiyo Cesária Évora, aliyezaliwa mwaka 1941 katika bandari ya Mindelo huko Cape Verde, ambaye alikuwa ameimba katika vilabu vya mabaharia kwa ujira usiotosha kumlisha, kisha akanyamaza kwa takriban miaka kumi, alipelekwa Paris kurekodi akiwa anakaribia umri wa miaka hamsini. Na santuri yake ya mwaka 1992, Miss Perfumado, ikaifanya morna, wimbo wa huzuni na wa kutamani nyumbani wa visiwa vile, ijulikane kotekote. Nani angethubutu kusema kwamba afadhali mama huyo angebaki hajulikani?

Illa kasoro ya rafu ni kwamba huwapanga watu kwa nchi walizotoka na kuwatenga na watu waliowalea. Mnunuzi alimkuta Mpakistani kando ya Mreno na Mreno kando ya Msenegali, akaonja kidogo huku na kidogo huko, akarudi nyumbani na majina mengi ya waimbaji ambao hakumjua hata mmoja wa walimu wao. Sisi wa pwani hatukulelewa hivyo katika mambo ya elimu: mtu akikaa msikitini kusomesha, watu huuliza kwanza alisoma kwa nani, na huyo aliyemsomesha alisoma kwa nani, mpaka silsila ifike kwa wakubwa wasiotiliwa shaka, na elimu isiyo na silsila hupokewa kwa hadhari hata ikiwa imesemwa kwa fasaha. Rai yangu ni kwamba muziki mkubwa wa dunia hautaki kujulikana kwa njia nyingine, na kwamba mtu aliyemfuata mwimbaji mmoja mpaka kwa baba yake, na mpaka kwa mwalimu wa baba yake, na mpaka mahali pale pa ibada au pa harusi au pa baraza la mfalme ambapo wimbo ulikuwa na kazi ya kufanya, ameujua muziki wa dunia kuliko aliyewasikiliza waimbaji mia kwa juu juu.

Na tumtazame Nusrat Fateh Ali Khan, ambaye pengine hakuna sauti iliyowashangaza watu wa Magharibi kama yake. Wengi wao walimsikia kwanza mwaka 1985, katika tamasha la WOMAD lililofanywa kwenye kisiwa cha Mersea huko Essex, wakamwona mtu mnene aliyeketi chini pamoja na jamaa zake, mikono yake ikipaa mbele ya kifua, sauti ikipanda daraja baada ya daraja juu ya makofi na tabla na harmoniamu, wakadhani wameshuhudia jambo lililoanza usiku ule. Lakini jamaa zake, waliohama Jalandhar India ilipogawanywa mwaka 1947 wakahamia Lyallpur, mji ambao leo huitwa Faisalabad, walikuwa wakihesabu karne nyingi za uimbaji wa qawwali. Baba yake, Ustadh Fateh Ali Khan, alikuwa bingwa wa zama zake pamoja na ndugu yake Mubarak Ali Khan, naye kwa kuijua taabu ya kazi ile hakutaka mwanawe aifuate, akamtakia udaktari. Baba alipofariki mwaka 1964 kijana alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na siku ya arubaini ya baba yake ndipo alipoimba hadharani kwa mara ya kwanza.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana juu ya hayo, maana arubaini tunaijua, na tunajua pia kwamba kasida haisomwi ovyo bali kwa mpango. Qawwali huimbwa kwenye makaburi ya mawalii, hasa katika siku za kukumbuka kufa kwao zinazofanana na hauli zetu, nayo ina taratibu yake: kwanza hamdi ya Mwenyezi Mungu, kisha sifa za Mtume, kisha sifa za Sayyidna Ali na za mawalii, ndipo yafuate mashairi ya mahaba ambayo msikilizaji huachiwa aamue mwenyewe kama mpenzi anayetajwa ni mwanadamu au ni Mola. Anayehesabiwa kuwa asili ya fani hii ni mshairi Amir Khusrau wa Delhi, mwanafunzi wa walii Nizamuddin Auliya, aliyefariki mwaka 1325. Mwimbaji hurudia mshororo mmoja mara nyingi, kila mara kwa pambo jipya, na akiona kwamba mtu mmoja katika hadhara ameingiwa na hali kwa mshororo ule, adabu ya kazi yake humkataza kuuacha mpaka mtu yule atulie. Basi mwimbaji wa qawwali haimbi mbele ya watu tu. Anawatazama, anawapima, na wimbo hurefuka au hufupika kwa kadiri ya yanayopita nyoyoni mwao.

Mwaka 1990 ilitoka santuri iitwayo Mustt Mustt, ambayo Nusrat aliifanya pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, na ndani yake nyimbo zilifupishwa zikatoshea dakika chache. Ni santuri nzuri, na walioingia kwa mlango huo wakakaa ni wengi, lakini mtu aliyeishia hapo amelisikia koo la Nusrat na hajaisikia kazi yake. Mwenye kuanza ningemshauri atafute rekodi ya hadhara nzima, yenye wimbo mmoja unaochukua nusu saa au zaidi, aketi nayo bila shughuli nyingine, asikilize jinsi jamaa wa kundi wanavyomjibu na jinsi anavyowarudishia; kisha atafute rekodi za baba na ami yake, ambazo zipo, ajue ni lipi alilolirithi na ni lipi alilolizidisha; ndipo arudi kwa Nusrat. Akimaliza hayo, Rahat Fateh Ali Khan, mtoto wa ndugu yake aliyelelewa ndani ya kundi lile lile na ambaye leo anajaza kumbi kubwa, atamfahamu bila kuelezwa na mtu.

Mali nako silsila ni damu. Majeli, wahifadhi wa nasaba na tarehe za Wamandinka, huzaliwa katika kazi yao, na Toumani Diabaté, aliyezaliwa Bamako mwaka 1965 na kufariki huko huko mwaka 2024, alikuwa akisema kwamba nyuma yake kuna vizazi sabini na kimoja vya baba waliomtangulia katika kazi hiyo. Mwaka 1988 ilitoka santuri yake Kaira, ambayo ndani yake hakuna mtu mwingine wala ala nyingine isipokuwa yeye na kora yake ya nyuzi 21, na msikilizaji asiyejua huapa kwamba wapigaji ni watatu, kwa kuwa vidole gumba vinashika sauti nzito ya chini na mwendo wa katikati ilhali vidole vya shahada vinatembea juu kwa mapambo. Wageni walisema kijana huyu amevumbua upigaji mpya. Lakini mwaka 1970 baba yake, Sidiki Diabaté, pamoja na wenzake akiwamo Djelimady Sissoko, walikuwa wamerekodi santuri ya kora tupu bila waimbaji. Na mwaka 1999 watoto wa wazee hao wawili, Toumani na Ballaké Sissoko, walitoa santuri yao New Ancient Strings, wawili peke yao na kora mbili, kwa kusudi la kuwajibu baba zao. Nimeisikiliza santuri hiyo kwa miaka mingi na ninaiweka juu ya nyingine zote alizozifanya Toumani pamoja na mabingwa wa Ulaya na Marekani, kwa sababu humo kila mmoja anajua mwenzake atakwenda wapi kabla hajakwenda, na hilo haliwezi kufundishwa katika majuma mawili ya studio.

Yuko atakayenipinga kwa Salif Keita, na ana haki ya kufanya hivyo. Nasaba ya Salif ni ya Sundiata Keita, aliyeiasisi dola ya Mali katika karne ya 13, na mtu wa ukoo huo huimbiwa, haimbi. Alizaliwa Djoliba mwaka 1949 akiwa na ualbino, jambo lililomtia katika dhiki tangu utoto. Akataka kuwa mwalimu, akakataliwa kwa udhaifu wa macho. Na mwaka 1970 alipojiunga na Rail Band, bendi iliyopiga katika hoteli ya stesheni ya reli mjini Bamako, jamaa zake waliona kwamba amevunja heshima ya ukoo. Mtu huyu hakupewa kazi na silsila yoyote, aliichukua. Walakini sioni kwamba habari zake zinaivunja hoja yangu, kwani asiyeijua desturi aliyoivuka atasikia katika santuri yake Soro, iliyotoka mwaka 1987, sauti kali na nzuri tu, ilhali anayeijua atamsikia mwana wa wafalme akisimama mahali pa jeli na kupaza sauti kama jeli, na hatashangaa kwamba ndani ya sauti ile mna fahari na jeraha kwa pamoja.

Lipo jambo lililotokea Kenya ambalo hunirudia kila nisomapo matangazo ya santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyetumia sehemu kubwa ya aushi yake kurekodi muziki wa Afrika, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, akawasikia wasichana wakimwimba mtu aitwaye Chemirocha. Mtu huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika huko pamoja na gramafoni. Na kwa kuwa sauti ilifika peke yake, bila uso, bila nchi na bila ukoo, ikasemwa kwamba mwenye sauti ile ni nusu mtu na nusu paa. Wimbo waliomtungia ni katika rekodi nzuri kuliko zote alizozikusanya Tracey, na mwaka 2014 maktaba aliyoiasisi ilirudi Kapkatet kuwapelekea wenyewe nakala yake. Wasichana wale walijitungia maelezo kwa sababu hawakupewa mengine. Walioandika Ulaya, miaka arobaini baadaye, kwamba huyu ni sauti ya jangwa na yule ni roho ya Afrika, walikuwa na vitabu na simu na njia ya kuuliza, wala hawakuuliza.

Nasi bandari zetu zilikuwa zikiisikiliza dunia zamani sana kabla ya mkutano wa Islington. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Unguja alimpeleka Mohamed Ibrahim mpaka Cairo akajifunze muziki. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, iliyoimba kwa Kiarabu kwa mahadhi ya Misri. Na mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu kabla ya mmoja wa watu wa Ikhwan Safaa kuitambua sauti yake na kumfundisha, alivuka bahari mpaka Bombay pamoja na wenziwe akarekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri zilizosikika pwani nzima na bara yake. Umm Kulthum, binti wa imamu wa kijijini aliyejifunza kutamka kwa kusoma Kurani kabla ya kuzijua nyimbo za mjini, ambaye tamasha lake la Alhamisi ya kwanza ya mwezi lilirushwa na redio ya Cairo, alikuwa akitajwa katika nyumba za pwani kama anavyotajwa jamaa. Yote hayo yalipita njia za jahazi na meli na mawimbi ya redio, kutoka bandari hadi bandari, wala hakuna aliyehitaji idhini ya London.

Ndipo mwaka 1988 wakaja Waingereza wa kampuni ya GlobeStyle wakarekodi taarabu ya Unguja, nao walifanya kazi nzuri ninayowashukuru. Na mwaka 2005 maonyesho ya WOMEX yakampa tuzo Bi Kidude, ambaye magazeti ya nje yalimsifu kwa uzee wake, kwa sigara yake na kwa ngoma yake ya msondo. Aliyekuwa akisikiliza kwa makini alisikia jambo jingine kabisa, kwamba bibi yule aliimba nyimbo za Siti alizozinyakua kwa Siti mwenyewe tangu ujana, na kwamba alipofariki mwaka 2013 ndipo ulipokatika uzi wa mwisho uliomuunganisha msikilizaji wa leo na koo lile lililorekodiwa Bombay. Shaaban Robert alituandikia wasifu wa Siti. Wasifu wa Bi Kidude ulioandikwa kwa Kiswahili kwa kiwango kile ningali nautamani.

Tena silsila ikifichwa, haki nayo hufichika. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa akifanya kazi Johannesburg, alirekodi pamoja na kundi lake wimbo wa Mbube, akauza haki zake, kwa ilivyosimuliwa, kwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina mara mbili, ukaingia katika sinema, ukawatajirisha watu ambao wengi wao hawakujua kwamba una mtunzi, na Linda akafa mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake hawakupata mapatano ya haki mpaka mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani. Wimbo ule ulipewa sifa ya kuwa wa kale wa Kiafrika usio na mwenyewe, na kwa sifa hiyo ukachukuliwa.

Leo rafu imeondoka pamoja na maduka yenyewe, na muziki wa mataifa yote uko katika simu ya kila kijana wa Kariakoo na wa Mombasa. Lakini kasoro ya rafu imebaki na imezidi, kwa kuwa hata ile karatasi iliyokuwa ikiandamana na santuri, yenye majina ya wapigaji na mtunzi na mji waliorekodia, haipo tena, na programu humchagulia msikilizaji wimbo unaofuata kwa sababu unafanana na uliopita. Kijana aliyempenda Toumani hatafikishwa kwa Sidiki kwa njia hiyo. Atapelekwa kwa mpiga kinubi wa nchi nyingine ambaye sauti yake ni laini vilevile, na huko kwa mwingine, mpaka usingizi umchukue.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa redio zetu, maana redio ingali na nguvu majumbani na katika daladala kuliko chombo kingine chochote: kila wimbo wa kigeni au wa kwetu upigwapo, na watajwe mtunzi, wapigaji, mji na mwalimu, na mara moja kwa juma itengwe saa nzima ya mwimbaji mmoja na waliomfunza. Tamasha la Sauti za Busara, ambalo tangu mwaka 2004 huwakutanisha wanamuziki wa Afrika katika Ngome Kongwe ya Unguja, na ambalo mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, ni mahali pa kuanzia, kwani pale Mtanzania na Mmali hukutana bila kupitia Ulaya. Magazeti yetu hupeleka huko wapiga picha wengi, nami nataka wapelekwe waandishi pia, wakae na mpiga zeze au mpiga kora wakamwulize alifunzwa na nani.

Na wakitaka kuanza na la karibu, waanze na Wagogo. Hukwe Zawose, aliyeitwa na Mwalimu Nyerere kutoka Ugogo kuja kupiga Dar es Salaam, kisha akafundisha Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003, alirekodi kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, na nje anajulikana kuliko anavyojulikana hapa. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa kwa kampuni hiyo hiyo santuri iitwayo Maisha, wakiimba kwa sauti zile za Kigogo zinazopishana na kukutana, na kupiga zeze na ilimba ambazo katika desturi ya kwao zilikuwa mikononi mwa wanaume. Dodoma sasa ni makao makuu ya serikali, ina vituo vyake vya redio, na nyimbo za Maisha zimo katika lugha ya watu wa hapo; ningependa kusikia zikipigwa huko asubuhi, na baada yake zikapigwa za Hukwe, na mtangazaji aseme ni nani baba, ni nani binti na ni nani mjukuu.